Saa Unazo, Ila Zote ni Chenji: Kupanga Wiki ya Mwanafunzi wa Dar

Kila mwaka, wale wa mwaka wa kwanza wakishapata vitambulisho na kujua madarasa yalipo, maswali huanza kuingia kwenye simu yangu, na ni yale yale. "Dada, wewe ulikuwa unasoma saa ngapi?" "Dada, nimechora ratiba nzuri kabisa, mbona siifuati?" "Dada, mimi natokea Chanika, nitasoma saa ngapi?" Nimejibu kwa sauti za WhatsApp mpaka nimechoka. Naandika mara moja hapa, na ukiniuliza tena nitakutumia hii.

Nilisoma hapa hapa Dar miaka mitatu nikitokea Mbagala Rangi Tatu, kwa shangazi yangu mwenye genge. Hosteli sikupata. Kwa hiyo haya yamejaribiwa na mtu aliyekuwa akifika nyumbani magharibi, na kabla hajavua viatu anaulizwa nyanya zimebaki ngapi.

Ratiba nyingi hufa Jumatano. Mwenye ratiba hujiita mvivu, lakini mara nyingi si uvivu: ratiba imejengwa kwa saa ambazo hazipo. Mtu anaandika "saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, kusoma", na saa 11 jioni yenyewe yupo Buguruni ndani ya gari, amesimama mguu mmoja, kwapa la mtu liko usoni. Ndiyo maana hapa tunaanza kwa kuhesabu. Kupanga kutafuata.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Daftari dogo linaloingia mfukoni au kwenye mkoba. Usianze na programu ya simu, maana ukiifungua simu kuangalia ratiba utajikuta kwenye stetasi za watu.
- Penseli na kalamu. Kalamu ni ya mambo yasiyohamishika, penseli ni ya yanayohamishika.
- Almanaka ya chuo, yenye tarehe za kufungua, kufunga na mitihani.
- Muhtasari wa kila kozi, ile karatasi ya siku ya kwanza ambayo wengi huipiga picha na kuisahau.
- Ratiba ya vipindi pamoja na majina ya madarasa. Kutembea kutoka darasa moja hadi jingine nako kunakula muda.
- Siku saba za uvumilivu. Hapa ndipo kila mtu anapotaka kuruka. Usiruke.

Kama upo kidato cha tano au cha sita, ruka hatua ya 4. Mengine yote yanakuhusu.

Hatua ya 1: Andika wiki yako kama ilivyo

Kwa siku saba, kila unapobadilisha shughuli, andika saa na neno moja au mawili. Huu ni ukurasa wangu wa Jumanne moja, nimeunakili kama ulivyokuwa:

10:40 alfajiri – nimeamka, maji, chai
11:25 – kituoni. Nimepanda gari la tatu
1:35 asubuhi – nimeshuka Ubungo
2:00–4:00 – kipindi
4:00–5:00 – kibarazani, stori
5:00 – kipindi. 5:20 tumeambiwa hakipo
5:20–7:00 – sikumbuki
7:00–7:40 mchana – kula
7:40–9:30 – maktaba. Kusoma kwenyewe dakika 50, zilizobaki simu
10:00 jioni – kituoni
12:50 – nyumbani
1:00–2:30 usiku – genge
2:30–3:15 – kula, vyombo
3:15–4:00 – "kusoma" (nimesinzia juu ya daftari)

Mstari ulionifundisha kuliko yote ni ule wa "sikumbuki". Ni dakika 100, mchana kweupe, nipo chuoni, sina gari la kugombania wala mteja wa kumpimia dagaa, na sijui nilifanya nini. Usiku ule ule nililala nikilalamika kwamba Dar hainipi nafasi ya kusoma.

Onyo: wiki hii usijirekebishe. Ukianza kujionyesha mbele ya daftari lako mwenyewe utapata wiki ya malaika, halafu utampangia ratiba malaika huyo. Na usisubiri jioni ndipo uandike siku nzima, kwa sababu jioni kila mtu anakumbuka kwamba alisoma.

Hatua ya 2: Jumlisha

Wiki ina saa 168, za tajiri na za maskini. Siku saba zikiisha, jumlisha kwa mafungu. Yangu yalitoka hivi:

Usingizi 48. Barabara 25. Vipindi 18. Genge 12. Kula, kuoga, kufua, vyombo na ibada 28. Jumla 131.

168 toa 131 inabaki 37.

Mara ya kwanza nilidhani nimekosea kujumlisha. Saa 37 ni nyingi kuliko saa za vipindi mara mbili! Zilikuwa wapi? Nikarudi kwenye kurasa na kuzitafuta moja moja. Ilikuwa dakika 25 hapa, saa moja pale, dakika 100 za kipindi kilichoahirishwa, Jumapili mchana iliyokatwa vipande vitatu. Zilikuwa kama sarafu za chenji, moja kwenye mfuko wa suruali, nyingine chini ya mkoba, nyingine kwenye kikombe kabatini. Ukiulizwa una shilingi ngapi unasema huna, kwa sababu mkononi huna noti.

Kwa hiyo kazi yetu kuanzia hapa ni mbili tu: kuzichanga chache ziwe noti, na kujua sarafu inanunua nini. Kama hesabu yako imebaki chini ya 15, usiendelee na hatua nyingine kabla hujasoma hatua ya 9. Hapo shida haipo kwenye ratiba.

Hatua ya 3: Ukurasa wa semista

Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Andika wiki zote za semista kwenda chini, mstari mmoja kwa kila wiki. Kisha chukua almanaka na mihtasari, uhamishie humo kila test, kila asaimenti, kila prezentesheni, na wiki za UE, yaani mitihani ya mwisho wa semista. Kwa kalamu.

Halafu ongeza vitu ambavyo almanaka haikuambii. Semista ya pili ina 7 Aprili, Karume. 26 Aprili, Muungano. Na Mei Mosi. Siku hizo hakuna kipindi, lakini mhadhiri atataka kufidia, na fidia hupenda kuangukia Jumamosi. Pasaka na Idd huhama kila mwaka, ziandike kwa penseli. Masika ni Machi hadi Mei. Kama njia yako inapita Jangwani, jua kwamba mvua kubwa ikinyesha maji hujaa pale na barabara ya Morogoro inaweza kufungwa, kwa hiyo usijiwekee kazi ya kukabidhi kwa mkono asubuhi ya masika. Andika pia vikao vya harusi ya binamu yako, mazoezi ya kwaya, Ramadhani kama unafunga. Andika Simba na Yanga. Mimi si mpenzi wa mpira, ila nimeona vikundi vya majadiliano vikivunjika saa 9 mchana siku hiyo, na aliyebaki na karatasi ni mimi.

Sasa onyo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu: saa. Karatasi za chuo na simu yako zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Wewe na nyumbani kwenu mnahesabu kuanzia jua linapochomoza. Mwaka wa pili niliona ubaoni "Test, 8:00". Kichwani ikaingia saa 8. Saa 8 mchana, basi, nina asubuhi nzima! Nikabaki nyumbani nikirudia sura ya nne kwa raha zangu, nikaoga, nikafika saa 7 na nusu nikiwa wa baridi kabisa. Wenzangu walikuwa wamekaa chini ya mti wanabishana kuhusu swali la tatu. Test ilishafanyika tangu saa 2 asubuhi. Kuomba kurudia kulinichukua wiki mbili za kusimama mlangoni mwa ofisi za watu.

Kanuni yangu tangu siku hiyo: saa za karatasi kuanzia 07:00 hadi 18:00, toa 6. 08:00 ni saa 2 asubuhi, 14:00 ni saa 8 mchana. Kuanzia 19:00 hadi 23:00, toa 18. 19:00 ni saa 1 usiku. Andika zote mbili kwenye daftari, hivi: "08:00 = saa 2 asb." Ukipata ujumbe wa "test kesho saa 2", muulize CR, yaani kiongozi wa darasa, asubuhi au mchana? Usione aibu.

Na kazi za kutuma mtandaoni: ukiona "Ijumaa 00:00", hiyo ni saa 6 ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Maana yake una Alhamisi tu. Sisi tuliozoea kwamba siku inaanza asubuhi huwa tunaliwa hapo.

Hatua ya 4: Pima kila kozi kwa krediti

Watu huuliza "nisome saa ngapi kwa siku?" kana kwamba kuna namba moja. Namba ipo, ila ipo kwenye kozi zako. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na ndani yake kuna kila kitu: kipindi, semina, asaimenti, kujisomea, mtihani. Kozi ya krediti 12 ni saa 120.

Mwaka wa masomo ni krediti 120, kwa hiyo semista ni kama 60, yaani saa 600. Tuseme semista ina wiki 15. 600 gawanya kwa 15 ni saa 40 kwa wiki. Mimi vipindi vilikuwa 18, kwa hiyo kujisomea kulitakiwa kuwe 22. Nilikuwa na 37. Zinatosha, na zinabaki za kwenda msibani na kusuka nywele.

Fanya hivyo kwa kila kozi. Ya krediti 12: 120 gawanya kwa 15 ni saa 8 kwa wiki, kama darasani unakaa 4, unadaiwa 4. Andika deni hilo pembeni mwa jina la kozi. Kozi inayokutoa jasho iongezee saa moja, uikope kwenye ile unayoielewa hata ukiwa umelala nusu. Usiikope kwenye usingizi.

Hatua ya 5: Tenganisha noti na sarafu

Noti (ya fedha, si ya darasani) ni kipande cha saa moja na zaidi, mahali tulivu, akili ikiwa macho. Sarafu ni dakika 15 hadi 40, popote. Kazi ya noti usiifanye kwa sarafu.

Za noti ni hesabu, kuandika insha au ripoti, pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita) kwa kujipima muda, na sura ngumu unayoisoma mara ya kwanza. Za sarafu ni kupitia kipindi cha leo, kujitungia maswali matano, kupanga marejeo ya asaimenti, kumpigia mwenzako wa kikundi. Kosa la kawaida ni kutumia saa mbili nzuri za maktaba kunakili upya madesa, yaani maandishi ya somo, kwa kalamu za rangi. Inapendeza, ila umetoa noti ya elfu kumi kununulia pipi.

Kati ya sarafu zote, iliyo na thamani kuliko nyingine ni ile ya dakika 20 baada ya kipindi, siku hiyo hiyo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: tunasahau kwa kasi zaidi mwanzoni, mara tu baada ya kujifunza. Sitakupa nadharia zaidi ya hiyo. Funga daftari, andika kwa kichwa ulichokumbuka, fungua, angalia ulichoacha. Basi.

Kuna mbinu ya Muitaliano Francesco Cirillo ya dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika. Ameiita nyanya, kwa sababu alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Kwa kusoma madesa inafaa sana. Kwa hesabu ndefu mimi ilikuwa inanikata nikiwa katikati ya mstari, nikaenda na 50 kwa 10. Jaribu zote, chagua yako, usiifanye dini.

*Sarafu za barabarani.* Hapa nikae kidogo, maana ndipo wengi wenu mnapoishi. Ukiwa umesimama kwenye daladala au mwendokasi ya saa 1 asubuhi, usijidanganye kwamba utasoma. Sikiliza. Jirekodi usiku ukisoma mambo muhimu ya somo kwa sauti yako, dakika 10 tu, weka spika ya sikio moja, sikio jingine liache kwa konda. Au usifanye chochote, upumzike. Nayo ni kazi.

Ukiwa umekaa ni habari nyingine. Njia ya kukaa unaijua: kugeuza na gari. Unapanda linaloelekea kituo cha mwisho, unalipa, linageuza, na wewe una kiti chako cha dirishani. Wengi huona ni kupoteza nauli na nusu saa. Mimi nilipiga hesabu hivi: nikisubiri kituoni nusu saa na kusimama safari nzima, nimepata sifuri. Nikigeuza, nusu saa ile ile nimekaa, halafu nina saa moja na zaidi ya kukaa kupitia barabara ya Mandela. Madaraja ya juu ya Tazara (2018) na Ubungo (2021) yamepunguza kusimama kwenye makutano, lakini foleni bado ina kwao. Nilikuwa nageuza Jumanne na Alhamisi tu, siku zenye kozi za kusoma sana, kwa sababu nauli mbili kila siku sikuziweza. Semista moja nilimaliza madesa yote ya kozi moja ndani ya gari.

Tahadhari: soma karatasi, si simu, ukiwa dirishani. Dirisha likiwa wazi kwenye foleni, simu yako ni ya aliyeko nje.

Hatua ya 6: Panga wiki, Jumapili jioni

Dakika 20, usizidishe. Fuata mpangilio huu, kwa sababu ukianza na kusoma utajaza kila mahali:

1. Kwa kalamu: vipindi, safari, kazi, ibada, usingizi. Safari iandike kwa muda wa siku mbaya. Kama kawaida ni saa moja na nusu na siku mbaya ni saa mbili na robo, andika mbili na robo.
2. Tazama ukurasa wa semista, wiki hii na mbili zinazofuata. Kuna nini?
3. Kwa penseli: weka noti tano au sita, kila moja na jina la kozi na kazi yenyewe. Usiandike "kusoma takwimu". Andika "takwimu, maswali 4 hadi 9, maktaba ghorofa ya pili". Ukifika hapo umechoka, hutaki tena kuanza kufikiri ufanye nini.
4. Acha nusu siku tupu. Yangu ilikuwa Jumamosi mchana. Humo ndimo huingia umeme uliokatika Jumatatu, mgonjwa wa Jumatano na fidia ya kipindi. Ukiijaza nusu siku hiyo, wiki ya kwanza yenye tatizo itaangusha kila kitu.

Noti ziweke chuoni kabla ya kuondoka, si nyumbani baada ya kufika. Hili nililigundua kwa kuchelewa. Kuondoka saa 10 jioni kulinifikisha karibu saa 1. Kubaki maktaba hadi saa 12 na nusu kulinifikisha saa 2 na robo usiku: saa na robo zaidi kwa kusoma saa mbili na nusu. Njia yako inaweza kuwa tofauti. Ijaribu wiki moja, andika saa za kufika, kisha uamue. Na kama unarudi usiku, tembea na mwenzio kutoka kituoni.

Hatua ya 7: Dakika tano kabla ya kulala

Andika mambo matatu ya kesho, si kumi. Weka nauli ya kesho mfukoni, madaftari kwenye mkoba, simu kwenye chaji mbali na kitanda ili alamu ikulazimishe kusimama.

Hatua ya 8: Asaimenti ihesabu kutoka mwisho

Siku ya kukabidhi ikiwa Ijumaa, rudi nyuma: Alhamisi kuchapa na kubana karatasi, kwa sababu steshenari ya chuoni siku ya mwisho ina foleni kama ya feri ya Kigamboni. Jumatano kusahihisha. Jumatatu rasimu imekamilika. Wiki iliyotangulia, kutafuta vitabu. Andika kila kipande kwenye tarehe yake.

Kazi ya kikundi ongeza siku mbili za uongo. Waambie tarehe ya kikundi ni Jumatano. Kikundi cha watu wanane kina wanne wanaofanya, wawili wanaosema "poa, nipo", mmoja ambaye namba yake haipatikani na mmoja anayekuja siku ya mwisho kuuliza jina lake limeandikwa vizuri. Gawa kazi kwa jina na tarehe, kwa maandishi, ndani ya siku ya kwanza.

Hatua ya 9: Zungumza na nyumbani

Hakuna ratiba itakayosimama kama nyumbani hawaijui. Wakubwa hawaoni kusoma; wanaona mtu amekaa. Kwa hiyo usiende na malalamiko, nenda na mabadilishano. Mimi nilimsubiri shangazi amalize kuhesabu hela ya genge, nikamwambia:

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Naomba Jumanne na Alhamisi nichelewe, nibaki maktaba, nitafika saa 2 na robo. Jumamosi alfajiri sokoni nitakwenda mimi, na vyombo vya jioni Jumapili ni vyangu."

Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na mitihani ni lini?" Nikamwonyesha ukurasa wa semista. Hajui hata kozi moja humo, lakini aliona tarehe zimepangwa kwa mistari. Tangu siku hiyo akawa yeye ndiye anayenikumbusha: "Wewe, si una karatasi wiki ijayo? Toka hapa gengeni."

Kama unafanya kazi ya mshahara, mazungumzo ni hayo hayo na bosi, ila yafanye mwanzoni mwa semista ukiwa na tarehe za UE mkononi. Kuomba ruhusa siku mbili kabla ni kuomba matusi.

Ikigoma

*Ratiba imevunjika Jumatano.* Usiihamishe Jumatatu na Jumanne yote kwenda Alhamisi. Chagua kipande kimoja kilichopotea chenye tarehe ya karibu, kiweke kwenye nusu siku tupu, vingine vifute. Jumapili utaanza upya. Anayefukuzia madeni yote ya wiki huishia kukesha, na aliyekesha Alhamisi hayupo darasani Ijumaa hata kama amekaa mstari wa mbele.

*Nasinzia nikifungua daftari usiku.* Basi usiku si wako. Hamishia saa 10 alfajiri, dakika 45, kabla nyumba haijaamka. Ikishindikana, usiku fanya kazi za sarafu tu. Lakini angalia kwanza hesabu ya hatua ya 2: kama usingizi ni chini ya saa 42 kwa wiki, dawa ni kulala.

*Umeme umekatika.* Kuwa na orodha ya kazi za gizani: kujisimulia somo kwa sauti, kukariri fomula, kumuuliza mdogo wako akuulize maswali. Pawabenki ichaji Jumapili. Jumamosi ukikosa utulivu nyumbani, Maktaba Kuu ya Taifa ipo barabara ya Bibi Titi Mohamed. Wengi tunaikumbuka kama kituo cha daladala tu.

*Kikundi cha WhatsApp cha darasa kinanimaliza.* Kinyamazishe, kisome mara mbili kwa siku, mchana na saa 2 usiku. Jambo la haraka kweli CR atapiga simu.

*Nimepitwa wiki tatu.* Usianze ulipoachia. Anza na kipindi cha kesho ili usiendelee kupitwa, halafu kila Jumamosi rudi nyuma wiki moja. Tafuta mtu mmoja aliyehudhuria, umuombe akusimulie kwa dakika 30 kabla hujasoma desa lake.

*UE ni wiki mbili zijazo na sijashika kitu.* Sikufichi, hapo tunaokoa tu. Chukua pasti pepa za miaka mitatu kwa kila kozi, hesabu mada zinazorudi, anza nazo. Kozi yenye alama ndogo za darasani iwe ya kwanza, maana ndiyo inayokuvuta kwenye sapu, mtihani wa marudio. Usiku wa kuamkia mtihani lala, na uhakikishe tena kama "8:00" ni saa 2.

*Nimepoteza daftari.* Piga picha ukurasa wa semista na wa wiki kila Jumapili ukimaliza kupanga. Langu la mwaka wa pili lilibaki kwenye kiti cha gari la Rangi Tatu, siku ambayo nilikuwa nimegeuza kabisa na kukaa vizuri. Kuna mtu mpaka leo ana tarehe zangu zote za test, pamoja na deni la vitunguu la jirani yetu ambalo shangazi bado ananiuliza.